Mazoezi ya alfajiri na viumbe wa mjini: maswali tunayoulizwa kila siku

Sisi ni kikundi cha kukimbia na kutembea, tunakutana viwanja vya Maisara, mjini Unguja, baada ya sala ya alfajiri. Kila ikipita tarehe 1 Januari, siku ambayo vikundi vya mazoezi vya Zanzibar hutoka barabarani kwa pamoja, tunapokea wageni wengi. Wiki ya kwanza wanauliza habari za viatu. Wiki ya pili wanauliza habari za kunguru. Maswali haya yamekusanywa njiani, na mengine yaliulizwa kwa makelele na mtu aliyekuwa anakimbizwa. Anayejibu ni mmoja wetu, si daktari. Mambo ya tiba nimeyaandika kama wauguzi wawili waliomo kikundini wanavyotuambia kila mara.

Kwa nini kunguru ananipiga mimi tu kichwani, wenzangu anawaacha?

Unapita chini ya kiota chake, na pengine wewe ndiye wa mwisho kwenye msafara. Kunguru mwenye makinda huja kwa nyuma, ukishampa kisogo. Anayekuja mbio humtia wasiwasi kuliko anayetembea. Mara nyingi utasikia upepo wa mbawa na kelele tu. Akikugusa ni kwa kucha au mdomo, na unabaki na mkwaruzo.

Mwaka mmoja nilipigwa asubuhi tatu mfululizo chini ya mti mmoja pale Mnazi Mmoja. Ya nne nikavaa kofia ya kiua, nikidhani nimepata dawa. Akaiangusha mtaroni. Tangu hapo nikifika hatua ishirini kabla ya mti huo naacha kukimbia, natembea, na nageuza uso kumtazama. Kunguru anayetazamwa husita. Siku nyingine navuka barabara na kumwachia upande wake, kwa sababu ndani ya wiki chache makinda wataruka na ugomvi utakuwa umekwisha.

Kumrushia mawe ni kujitafutia balaa. Atawaita wenziwe, na kesho watakuwa sita.

Na msimwite mwenyeji. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Alizila, kisha akala mayai na makinda ya ndege wetu, na leo ameenea pwani nzima ya Afrika Mashariki. Miaka ya 1990 walipunguzwa sana hapa kwa mitego na sumu. Kazi iliposita, wakarudi. Panapokuwa na jaa la wazi patakuwa na kunguru wengi, na panapokuwa na kunguru wengi patakuwa na viota, kwa hiyo anayetupa mfuko wa taka chini ya mti usiku asishangae ya asubuhi.

Ni kweli anakumbuka sura ya mtu?

Kunguru wa Marekani walifanyiwa majaribio, ikaonekana wanaikumbuka kwa miaka sura ya mtu aliyewakamata, na hata wale ambao hawakukamatwa hujifunza kumchukia. Wa kwetu ni wa aina nyingine, lakini ukoo ni huohuo. Mimi sitaki kujaribu.

Kinda la kunguru limeanguka njiani. Niliokote?

Hapana. Pita mbali, na pita haraka.

Mbwa koko wa pwani wananifuata. Niongeze mwendo?

Usiongeze. Huwezi kumshinda mbwa kwa mbio, na ukikimbia unamkaribisha akukimbize.

Wengi wetu tumelelewa kumwogopa mbwa kwa ajili ya najisi kabla ya kumwogopa kwa ajili ya meno, kwa hiyo akitokea tunaruka, tunapiga kelele, tunakusanya nguo. Yeye hajui habari za udhu. Anachoona ni kitu kikubwa kinachorukaruka. Simama. Mpe ubavu badala ya kumkabili kifua kwa kifua. Usimkodolee macho. Mikono iteremke. Mwambie kwa sauti nzito, bila ya kupayuka, "Nenda!" Akisimama, rudi nyuma polepole ukiwa bado unamwona. Ukiwa na chupa ya maji, mkoba au baiskeli, iweke kati yako na yeye. Aking'ata kitu, bora ang'ate chupa. Ukiangushwa, jikunje, ngumi zifunike shingo na masikio, usifurukute.

Pwani ya Mazizini na Mbweni hadi Chukwani wengi wao huwa wanalala mchangani asubuhi. Tatizo hutokea pale mtu anapotokea ghafla kwenye kona ya ukuta akiwa na hedifoni masikioni, akamkanyaga mkia. Toa hata upande mmoja ukiwa huko. Bakora ya mzee wetu mmoja haijawahi kumpiga mbwa hata mara moja. Anaigonga chini tu, tok, tok, na mbwa wanaamka wakiwa bado mbali. Naona huo ndio utaalamu mkubwa kuliko wote tulionao kikundini.

Ameniuma, lakini ni mkwaruzo mdogo tu. Niende hospitali kweli?

Nenda, siku hiyohiyo. Hapa sitaki mzaha. Kichaa cha mbwa hupita kwenye mate, na mkwaruzo mdogo unatosha. Ugonjwa ukishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, chanjo inazuia. Kati ya hayo mawili kuna wiki au miezi ambayo mtu hujiona mzima kabisa, na ndiyo inayowadanganya watu.

Kwanza osha. Maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili kwa saa, si kwa kukisia. Bomba la msikiti wowote lililo karibu litatosha, na hakuna atakayekukataza. Usipake tumbaku, mafuta ya taa, manjano wala kahawa. Usilifunge jeraha kwa kitambaa cha kubana. Kisha hospitali, uwaeleze mbwa alikuwaje na yupo wapi. Chanjo hutolewa kwa siku kadhaa tofauti. Ukichoma ya kwanza ukaacha nyingine hujamaliza.

Kuna suala ambalo watu huliuliza kwa kunong'ona: na kuosha najisi ya mbwa mara saba, moja kwa udongo? Nguo na ngozi nzima, fanya kama ulivyofundishwa chuo cha Kurani, na ukiwa na shaka muulize shehe wako. Lakini udongo usiupeleke ndani ya jeraha bichi. Jeraha ni la maji na sabuni.

Na mpigie sheha, kiongozi wa shehia ile, ajue kuna mbwa anayeuma, kwa sababu nyuma yako wanapita watoto wa skuli.

Na paka wa Mji Mkongwe?

Paka wa vichochoroni hawamfuati mkimbiaji. Wanaoumwa ni wale wanaoinama kuwabembeleza jasho likiwachuruzika. Akikukwaruza au kukuuma, ni yaleyale ya maji, sabuni na hospitali.

Nimeona nyoka amelala barabarani magharibi. Amekufa?

Huenda anaota joto la lami. Jua likizama lami hubaki na moto wake, na nyoka hupenda. Mtu anayekimbia jioni njia za Chukwani au Bububu anaweza kumwona, zaidi baada ya mvua na karibu na majani marefu au marundo ya makuti. Simama, mwache apite, au mzunguke kwa mbali. Hata anayeonekana amekufa asiguswe kwa mguu.

Unguja tuna nyoka wengi wasio na madhara, na ukukwi wa kijani kwenye michungwa huuawa kila siku bila ya kosa. Lakini tunaye fira, na tunaye yule nyoka wa kijani mwenye sumu kali anayekaa juu ya minazi na miembe, na kwa haraka ya mtu anayetweta huwezi kuwatofautisha. Kwa hiyo kila nyoka apewe njia. Waliong'atwa, kwa jinsi tunavyosikia, wengi walikuwa wanamfuata kumuua.

Ukiumwa: kaa chini, tulia, vua pete na saa kabla mkono haujavimba, usitembeze kiungo hicho, mtu akupeleke hospitali kwa gari. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, usipoteze muda na jiwe la nyoka. Mwenzako akiweza kumpiga nyoka picha kutoka mbali, vizuri. Asipoweza, basi.

Nilinyoosha misuli nikiegemea mwembe, nikavamiwa na sisimizi wekundu. Ni sumu?

Hao ni maji moto, na jina linakwambia maumivu yalivyo. Wanashona majani mabichi kwa hariri ya viluwiluwi wao, wanajenga viota juu ya miembe, mikarafuu na michungwa, na wanateremka kwenye shina kama askari. Wakiuma wanatia na majimaji makali juu ya kidonda. Hawadhuru zaidi ya hapo. Wakwangue kwa kiganja badala ya kuwapigapiga, oshea maji, na kama huna watu karibu vua fulana uikung'ute.

Mkulima hatakuonea huruma. Maji moto huilinda minazi yake dhidi ya kidudu kinachofyonza nazi changa zikaanguka, na mnazi wenye maji moto huzaa vizuri zaidi. Kabla ya kuegemea mti wowote, tazama shina kwanza. Sisi sasa tunanyoosha misuli kwenye ukuta.

Nyuki je? Tusimame pia?

Hapana! Nyuki ndio peke yao mnaoruhusiwa kuwakimbia, na hapo kimbieni kama mlivyofundishwa. Wakianza kukuuma funika uso kwa fulana au mtandio uache nafasi ya kuona njia, kimbia moja kwa moja bila ya kupunga mikono, ingia nyumba yoyote au gari lolote, funga mlango. Usiruke baharini, watakusubiri juu ya maji. Ukifika salama, toa miiba haraka, kwa kucha au ukingo wa kadi, kwa sababu kila unavyochelewa ndivyo sumu inavyoingia.

Midomo ikivimba, pumzi ikibana, au mwili mzima ukitoka vipele, hiyo si ya kungoja mpaka kesho. Watoto, wazee na waliowahi kudhurika na nyuki wakimbizwe hospitali hata kama wameumwa mara chache.

Dada zetu wanaokimbia kwa mabaibui meusi wanauliza kama rangi ina neno. Ina. Nyuki akishakasirika hushambulia kitu cheusi kwanza. Njia ya kwenda msitu wa Masingini, ambako kuna nyuki wengi, wengine huvaa madera ya rangi nyepesi.

Mbu wanahesabiwa kuwa wanyama?

Kwa idadi ya watu wanaowadhuru duniani, hakuna mnyama anayewashinda. Malaria kwetu imeshuka sana, kwa miaka mingi maambukizi yamekuwa chini ya asilimia 1, na watu wamesahau chandarua. Lakini kuna mbu mwingine, mwenye mistari myeupe miguuni, anayeuma mchana na hupendelea asubuhi na alasiri, yaani saa zetu hizihizi. Huyo ndiye wa homa ya dengi. Anazaliwa kwenye maji machache tu: kifuu, tairi, kopo. Wakati mnapumzika msisimame karibu na gereji yenye matairi. Mafuta ya kuzuia mbu yanapakwa kabla ya kutoka, na yapakwe tena ukitoka jasho jingi.

Alfajiri juu ya mnazi kuna sauti kama ya mtoto mchanga analia. Wenzangu wanasema ni shetani.

Ni komba. Macho makubwa, mkia mrefu, anaruka kutoka kuti hadi kuti, na kilio chake kweli kinafanana na cha mtoto. Ukimulika kwa tochi utaona macho mawili mekundu yanakutazama, na hapo ndipo wengi wetu tulipovunja rekodi zetu za kasi. Hana habari na wewe. Yeye anatafuta matunda, wadudu, na kama kuna mgema karibu, tembo iliyomo kwenye kibuyu. Watu hawakusema bure "amelewa kama komba".

Popo wakituangushia vitu?

Ni makungu na maembe yaliyotafunwa. Popo wala matunda hawaingii kwenye nywele, hayo ni maneno ya kutishia watoto. Ukimkuta chini ameanguka, usimshike kwa mkono mtupu, hata akionekana dhaifu. Akikukwaruza, rudi kwenye jibu la mbwa.

Tunakwenda Jozani kwa baiskeli. Kima watatunyang'anya chakula?

Inategemea ni yupi. Kima punju, yule mwekundu mgongoni mwenye nywele nyeupe zilizosimama kichwani, anakula majani na matunda mabichi, na mkate wako haumhusu. Ana tabia moja ya ajabu: hula makaa ya kuni, na wataalamu wanasema makaa humsaidia kuzima sumu iliyomo kwenye majani. Duniani kote anaishi Unguja, pamoja na wachache waliopelekwa Ngezi, Pemba, miaka ya 1970. Yule kima wa kijivu ni habari nyingine. Huyo anajua ndizi, anajua mfuko wa plastiki, na anajua zipu.

Kwa hiyo chakula kifungwe ndani kabisa. Kima akikusogelea usimcheke kwa meno, kwake hayo ni matusi. Usimtazame machoni, rudi nyuma, na kama ameshakishika kitu muachie. Mkate wa shilingi chache haulingani na sindano za hospitali. Msiwalishe hata mkiombwa na mgeni anayetaka picha. Kima aliyezoea kulishwa ndiye anayekuja kumng'ata mtoto wa kijiji jirani cha Pete wiki ijayo.

Hatari kubwa pale barabarani ni sisi kwa wao. Kima punju walikuwa wanagongwa na magari mpaka yakawekwa matuta. Ukiwa na baiskeli unateremka kwa kasi bila ya mlio, na wao wanavuka kwa kundi: ukimwona mmoja amevuka, ngoja, nyuma wapo kumi. Na anayefikiria kuwarushia mawe ajue kuwa wanalindwa na sheria ya misitu ya mwaka 1996.

Mazoezi ya pwani bila viatu yana ubaya?

Mchanga mkavu hauna neno, kaa watakukimbia wenyewe. Angalia zaidi maji yanapokupwa, hasa wakati wa bamvua, watu wanapotembea hadi kwenye miamba. Huko kuna viumbe wa mviringo wenye miba mirefu myeusi, na miba yao huvunjikia unyayoni. Vaeni hata makubadhi ya plastiki. Wavuvi hupaka utomvu wa papai bichi, na sisi tumeona unatuliza, lakini mwiba ulioingia kwenye kiungo utolewe hospitali.

Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujifukia mchangani kwenye maji ya magotini. Usinyanyue miguu, iburute, atakusikia na kuondoka. Akikuchoma, tumbukiza mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyovumilia bila ya kuungua, nusu saa au zaidi, na kisha uende ukaangaliwe kidonda. Yavuyavu wakiwa wengi majini, siku hiyo kimbieni nchi kavu.

Msinicheke. Chui je?

Hatucheki, swali hili tunaulizwa zaidi kuliko la taa. Unguja ilikuwa na chui wake, mdogo kuliko wa Bara na mwenye madoa madogo zaidi. Watu wa mashamba waliamini kwamba baadhi yao ni wa kufugwa, wanatumwa na wachawi kuwatisha watu, na baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifanyika kampeni ya kuwasaka pamoja na waliodhaniwa kuwafuga. Walipungua sana, na tangu miaka ya 1990 wataalamu wengi wamewahesabu kuwa wametoweka. Mwaka 2018 kamera moja iliyotegwa ilinasa mnyama aliyesemekana kuwa chui, ubishi ukaanza upya. Kwenye makumbusho ya Mnazi Mmoja aliwekwa mmoja aliyekaushwa, na wakubwa zetu wengi wanamkumbuka tangu safari zao za skuli.

Mnyama mwenye madoa anayevuka njia ya Masingini alfajiri ni ngawa. Ananuka, anaona haya, na hawezi kukufanya kitu.

Sisi wa Pemba mbona hamtutaji?

Kwa sababu mna raha. Mengi ya hapo juu ni yenu pia, isipokuwa kwenu anayeiba ndizi ni tumbili. Wakimbiaji wa Chake wanaofika Kidike jioni wana kitu ambacho sisi hatuna: popo wa Pemba, mkubwa, mbawa zake zikitandazwa zinapita mita moja na nusu, kichwa chekundu kama cha mbweha. Zamani aliwindwa kwa nyama mpaka akakaribia kwisha, kisha wanakijiji wakaamua kumlinda. Fikeni kabla ya magharibi, kaeni pembeni, msipige makelele wala makofi ili waruke mpigiwe picha. Wataruka wenyewe jua likizama, na mtasahau kuwa mlikuja kukimbia.